Mashine za kupima sukari kwenye farmasi za Bukavu: uliza kwanza bandeleti

Farmasi nyingi za Bukavu, kuanzia Nyawera hadi Kadutu, huuza mashine ya kupima sukari kwa bei ambayo mtu anaweza kujikaza akailipa. Kinachomshinda baadaye ni bandeleti, kile kipande chembamba kinachopokea tone la damu na kuingizwa kwenye mashine. Mashine hununuliwa mara moja ikakaa miaka. Bandeleti hutumika mara moja ikatupwa, na ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Hata ndani ya kampuni ileile hazibadilishani: bandeleti ya Accu-Chek Active haifanyi kazi kwenye Accu-Chek Instant, ingawa yote mawili yameandikwa Roche, jina la kampuni inayoyatengeneza, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa moja badala ya nyingine. Ndiyo maana tathmini hii inaanza na bandeleti, mashine inafuata.

Wanunuzi wapo na wanaongezeka. Mwaka 2012 Philippe Katchunga na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wazima wa Kivu Kusini, wakaonyesha kwamba umri na kuishi mjini ndivyo vinavyochangia zaidi kisukari huku kwetu. Mji umejaa, wazee wameongezeka, na kila familia inaanza kuwa na mtu mmoja anayepimwa kidole.

Hapa zinalinganishwa mashine tatu: Accu-Chek Active, Accu-Chek Instant na On Call Plus. Kabla ya kufika kwenye majina, kuna maswali ya kumuuliza muuzaji boksi likiwa bado mkononi mwake.

La kwanza ni hesabu. Boksi la kuanzia huwa na bandeleti kumi hivi, na hizo zisikudanganye. Uliza bei ya kikopo cha 50, igawanye kwa 50, halafu zidisha kwa idadi ya vipimo vyako vya mwezi. Anayejidunga insulini ya mchanganyiko wa 30/70 asubuhi na jioni anahitaji angalau vipimo viwili kwa siku, yaani 60 kwa mwezi, kwa hiyo kikopo kimoja hakimfikishi mwisho wa mwezi. Kwa mtu wa namna hiyo, tofauti ya bei ya mashine yenyewe husahaulika ndani ya miezi michache; bei ya bandeleti haisahauliki.

La pili ni upatikanaji. Dawa nyingi za mji huu huvuka mpaka wa Ruzizi, na mpaka ukikorofisha au dola ikipanda, kinachoadimika kwanza ni vitu vya wateja wachache. Tafuta bandeleti hizo katika farmasi mbili ambazo hazina mwenye mali mmoja. Mashine ambayo bandeleti zake zinapatikana dukani kwa mtu mmoja tu usiinunue, hata ukipewa kwa nusu bei. Hata ya bure kutoka kwa ndugu wa Ulaya ina ugonjwa huohuo: mashine nzuri, bandeleti Brussels.

La tatu ni kipimo inachosoma, na hapa ndipo watu wanapoumia. Maabara za Kongo huandika miligramu kwa desilita, au gramu kwa lita. Tanzania na Kenya wanatumia milimoli kwa lita. Mashine iliyonunuliwa Dar es Salaam au Nairobi inaweza kukuonyesha 16, mtu aliyezoea kuona 160 akashangaa ni sukari gani hii ya kuua. Milimoli moja ni sawa na miligramu 18: 16 hiyo ni 288, sukari iliyo juu kabisa, wala si ya kushuka. Mtu akimpa mgonjwa huyo soda kwa kuogopa kwamba sukari imeanguka, atakuwa amemwongezea moto. Nyingi ya mashine hizi kipimo chake kimefungwa kiwandani na hakibadiliki kwa kubonyeza kitufe, kwa hiyo angalia kwenye boksi kabla ya kulipa: kwa Bukavu iandikwe mg/dL. Mahali palipoandikwa 1,26 kwenye karatasi ya maabara ni gramu kwa lita, sawa na 126 kwenye mashine yako.

Accu-Chek Active

Hii ni mashine ya mwanga. Haisomi umeme wa damu kama zile nyingine mbili. Inamulika sehemu ya bandeleti iliyobadilika rangi na kupima kiasi cha mwanga unaorudi. Tone linalohitajika ni maikrolita 1 hadi 2, ambalo ni kubwa kwa viwango vya leo, na linadondoshwa juu ya kiraba kidogo kilicho kwenye uso wa bandeleti. Matokeo hutoka kwa sekunde 5 bandeleti ikiwa ndani ya mashine.

Sifa yake kubwa haitangazwi sana. Geuza bandeleti iliyotumika: nyuma kuna kidirisha cha duara. Damu ikishafanya kazi, kidirisha hicho hugeuka buluu, na sukari ikiwa nyingi buluu hukolea. Kwenye lebo ya kikopo kuna madoa ya rangi yenye namba pembeni. Mashine ikisema 90 na kidirisha kikawa buluu ya kiza iliyo karibu na doa la juu, kuna kitu hakiko sawa na kipimo kirudiwe. Kati ya hizi tatu, ni hii peke yake inayompa mgonjwa njia ya kukagua matokeo kwa macho yake bila kuitegemea skrini. Kama kidirisha kimebaki na mabaka, nusu rangi nusu nyeupe, tone lilikuwa dogo au lilipakwa badala ya kudondoshwa.

Jambo lingine linalowafaa wazee wenye mikono inayotetemeka: bandeleti inaweza kutolewa baada ya mashine kuwa tayari, tone likawekwa nje, kisha ikarudishwa haraka kabla sekunde 20 hazijaisha. Matokeo huchelewa sekunde chache zaidi. Mjukuu anashika bandeleti, bibi anashika kidole chake, na hakuna anayeidondosha mashine sakafuni.

Ubaya wake uko kwenye kioo. Kwa kuwa inasoma mwanga, damu iliyokauka pale bandeleti inapoingilia huleta makosa au kuzuia kabisa mashine kusoma. Fungua, pangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, acha ikauke. Usiweke pombe nyingi wala usikwangue kwa kucha. Na usipimie kwenye jua kali la barazani, ingia kivulini. Kuna matoleo ya zamani yanayotaka chipu ya kodi (code), kipande kidogo chenye namba kinachokuja na kila kikopo, na matoleo mapya yasiyoitaka. Ya zamani bado zinazunguka, hasa zile zinazouzwa zikiwa zimetumika.

Bandeleti zake huendelea kutumika hadi tarehe iliyochapishwa kwenye kikopo, mradi kifuniko kifungwe vizuri na joto likae kati ya nyuzi 2 na 30. Kwa anayetumia vidonge, anayepima mara chache kwa wiki, hilo ni jambo la fedha kabisa: kikopo cha 50 kinaweza kumhudumia miezi mingi bila bandeleti hata moja kutupwa kwa sababu ya muda.

Accu-Chek Instant

Hii inavuta damu yenyewe. Unagusisha ukingo wa bandeleti kwenye tone, maikrolita 0,6 zinatosha, na matokeo hutoka chini ya sekunde 4. Haina kodi wala chipu. Pembeni mwa skrini kuna mshale unaoonyesha kama namba iko chini, ndani au juu ya mipaka iliyowekwa, na kwa mtu asiyesoma vizuri mshale huo una thamani kuliko mambo mengine yote yaliyoandikwa kwenye boksi. Tatizo ni kwamba mipaka hiyo imetoka kiwandani. Mama mjamzito anatakiwa kuwa chini ya 95 kabla ya kula na chini ya 120 saa mbili baada ya kula. Mshale unaweza kumwambia yuko salama wakati daktari wake angekunja uso. Kwake yeye, mshale apuuze, asome namba.

Inavumilia damu pungufu vizuri zaidi kuliko nyingi: Roche wanairuhusu kwa hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, ya asilimia 10 hadi 65. Hilo nalieleza zaidi chini kidogo, kwa sababu kwa mji wenye malaria si jambo dogo. Kosa lake ni kwamba haina kidirisha cha nyuma, na bandeleti zake hazijaenea kama za Active. Inatumia betri mbili za CR2032, Active inatumia moja.

On Call Plus

Ya bei nafuu, na si mbaya. Watu huidharau kwa sababu inatengenezwa China, lakini ACON, kampuni yenyewe, iko San Diego, Marekani, na mashine hii imezoeleka hospitalini katika nchi nyingi. Inahitaji maikrolita 1 na inachukua sekunde 10. Kwa anayelipa mfukoni kila wiki, ndiyo inayomwezesha kupima badala ya kubahatisha, na kupima kwa mashine ya kawaida kunashinda kutopima kwa mashine nzuri.

Lakini ina masharti mawili ambayo wauzaji hawayasemi.

La kwanza ni chipu. Kila kikopo kinakuja na chipu yake yenye namba, na namba inayotokea kwenye skrini lazima ifanane na iliyo kwenye kikopo. Mtu anafungua kikopo kipya, anaacha chipu ya zamani ndani ya mashine, na kuanzia hapo kila namba ni ya kubuni: inaweza kusoma juu, inaweza kusoma chini, na hakuna alama yoyote ya kosa. Kwa hiyo kikopo kikiisha, chipu yake itupwe nacho siku ileile. Isibaki kwenye droo.

La pili ni muda. Kikopo kikishafunguliwa, bandeleti ni za miezi mitatu. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu isiyofutika juu ya kifuniko. Anayepima mara moja kwa wiki atatumia 13 hivi ndani ya muda huo na kutupa zilizobaki. Kwake, unafuu wa On Call Plus ni wa jina tu, na Active inaweza kumgharimu kidogo zaidi mara moja na kumfaa zaidi mwaka mzima. Anayepima mara mbili kwa siku atamaliza kikopo ndani ya mwezi, na sharti hilo halimgusi.

Bandeleti zake hutumia kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidasi, na kipimo chake huvurugwa oksijeni ikizidi ndani ya damu. Mgonjwa aliye kwenye chupa ya oksijeni hospitalini anaweza kusomwa chini kuliko alivyo. Mwinuko wa Bukavu, mita 1500 hivi, hauna neno. Hofu ya mwinuko ni ya wapanda milima.

Contour Plus nayo ukiikuta inastahili kutajwa: haina kodi, maikrolita 0,6, na tone likiwa dogo inakupa nafasi ya kuongeza damu kwenye bandeleti ileile badala ya kuitupa. Ni uchumi wa kweli. Lakini rudi kwenye swali la pili hapo juu kabla hujalipa.

Damu pungufu, malaria, selimundu

Mashine nyingi za kidole zinasoma vibaya damu ikiwa na seli nyekundu chache. Hematokriti ikishuka, namba hupanda kuliko ukweli. Mtoto aliyetoka kwenye malaria kali, mama aliyepoteza damu wakati wa kujifungua, mgonjwa wa figo: hawa wanaweza kusomwa 95 wakati sukari yao halisi imekwisha kuingia kwenye hatari. Ukiona dalili za kushuka, jasho la baridi, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, na mashine inasema yuko sawa, fuata dalili. Hasa kama anapewa kinini: kinini huchochea kongosho kutoa insulini na sukari huweza kuanguka katikati ya matibabu ya malaria.

Kipimo cha HbA1c nacho, kile cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita, hakimwelezi vizuri mwenye selimundu wala aliyepungukiwa damu, kwa sababu seli zake nyekundu haziishi muda wa kawaida. Kwa hao, daftari la vipimo vya kidole lililojazwa kwa uaminifu ni ushahidi bora kuliko karatasi ghali ya maabara.

Kuna kundi jingine la kuangaliwa karibu: vijana wembamba waliokulia kwenye lishe duni, ambao kisukari chao hakifanani na cha mzee mwenye kitambi. Mwezi wa Aprili 2025, kwenye mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuuita ugonjwa huo aina ya 5. Kwa Kivu yenye historia ndefu ya utapiamlo si habari ngeni. Watu hao wakipewa insulini ya kipimo cha kawaida wanaweza kushuka haraka, kwa hiyo wasiruhusiwe kurudi nyumbani na chupa ya insulini bila mashine.

Kuijaribu mashine mpya

Watengenezaji wana maji maalumu ya kujaribia, lakini si kila farmasi huyaweka. Njia mbadala ni maabara. Nenda asubuhi hujala, chukua mashine yako. Damu ya mshipa ikitolewa tu, pima kidole palepale, ndani ya dakika chache. Omba damu iwekwe kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi. Ikiwekwa kwenye chupa ya kawaida na kusubiri foleni, seli zinaendelea kula sukari na namba hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Utalaumu mashine bure.

Usilinganishe baada ya kula. Muda huo damu ya kidole huwa na sukari zaidi kuliko ya mshipa, tofauti inaweza kupita miligramu 20, na zote mbili zikawa sahihi.

Kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka vipimo 95 kati ya 100 visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 sukari ikiwa 100 au zaidi, na kwa zaidi ya miligramu 15 ikiwa chini ya 100. Maana yake, maabara ikisema 180, mashine ikisoma popote kati ya 153 na 207 iko ndani ya haki yake. Maabara ikisema 80, ni kati ya 65 na 95. Anayepima mara mbili mfululizo akapata 142 na 151 na kudai mashine imekufa, anapoteza bandeleti. Ikitoka nje ya mipaka hiyo, rudia siku nyingine kwa bandeleti za kikopo kingine kabla ya kuihukumu mashine.

Na kwa sababu ya nafasi hiyo ya makosa, kidole hakitoi hukumu ya kwanza. Kusema mtu ana kisukari kunahitaji maabara: 126 au zaidi akiwa hajala, na kurudiwa siku nyingine kama hana dalili.

Mikono na kikopo

Karibu kila namba ya ajabu inayoletwa na mgonjwa inatoka kwenye moja ya vitu hivi viwili.

Aliyemenya chungwa, embe au ndizi na kupima bila kunawa atapata sukari ya tunda, si yake. Kupangusa kwa pamba yenye pombe hakutoshi. Sukari inabaki kwenye ngozi. Maji na sabuni, halafu kukausha kabisa, kwa sababu maji yaliyobaki huchuja tone na kushusha namba. Kama maji yako kwenye bidoni na ni ya kuhesabu, nawa kidole kimoja tu, kikauke, na tone la kwanza lifutwe kwa pamba kavu, upime la pili. Toboa ubavuni mwa kidole, si katikati ya ncha, ambako maumivu ni makali zaidi. Ninginiza mkono chini kidogo kabla. Ukikamua kwa nguvu unatoa maji ya mwilini pamoja na damu.

Kikopo si chombo cha kubebea tu. Ndani yake kuna dawa ya kunyonya unyevu, na masika ya Bukavu, kuanzia Septemba hadi Mei, hayana huruma. Toa bandeleti moja, funga papo hapo mpaka kifuniko kilie. Usihamishie kwenye kikopo kingine, usichanganye za zamani na mpya, wala usiweke kwenye frigo: kila inapotolewa baridini, unyevu hujikusanya ndani. Na isikae kwenye dirisha linalopigwa na jua wala kwenye gari.

Kwa hiyo ukikuta muuzaji anayekuuzia bandeleti tano kwenye mfuko wa plastiki, usinunue, hata kama huna fedha ya kikopo kizima. Hazina tarehe, hazina namba ya kodi, na zimekwisha kushika unyevu. Bora ulipie kipimo kimoja palepale kwenye meza ya farmasi. Huko nako tazama mambo matatu: bandeleti itoke kwenye kikopo kilichofungwa mbele yako, namba ya skrini ifanane na ya kikopo kama mashine ina kodi, na lanseti, kisindano cha kutobolea kidole, iwe mpya. Kalamu ya kutobolea ya watu wengi ni njia ya kusambaza homa ya ini ya B hata sindano ikibadilishwa, kwa sababu damu hubaki kwenye ncha ya kalamu. Pale omba lanseti za mara moja, zile zinazojifunga zenyewe, au nenda na ya kwako.

Bandeleti chache, zitumike lini

Wapo waganga wanaosema mgonjwa asijipime, aje hospitali. Hoja hiyo ni ya zamani kama mashine yenyewe. Ile ya kwanza, Ames Reflectance Meter, ilikusudiwa madaktari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi wa Marekani Richard Bernstein, mwenye kisukari tangu utotoni, aliipata kwa kupitia mke wake aliyekuwa daktari, akajipima mwenyewe nyumbani, na baadaye akaingia chuo cha udaktari akiwa amepita miaka 40 ili madaktari wamsikilize. Siku hizi mabishano yaliyobaki ni ya wingi.

Anayetumia metformini peke yake na yuko imara hana haja ya kupima kila siku. Apime siku mbili kwa wiki, kwa jozi: kabla ya mlo mmoja na saa mbili baada yake. Wiki hii chakula cha asubuhi, wiki ijayo ugali wa mchana, ile nyingine chakula cha jioni. Kwa bandeleti nne za wiki atajua ni sahani gani inayompandisha. Lengo la kawaida ni 80 hadi 130 kabla ya kula, na chini ya 180 saa mbili baadaye.

Anayetumia glibenklamidi, kidonge kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi, apime pia siku alipokosa mlo, siku ya kazi nzito na siku ya ugonjwa, hasa akiwa mzee au figo zake zimechoka. Anayetumia 30/70 apime kabla ya sindano ya asubuhi na kabla ya ile ya jioni: namba ya asubuhi inahukumu sindano ya jana jioni, na ya jioni inahukumu ya asubuhi. Ndiyo sababu ya kuandika. Namba isiyoandikwa imepotea pamoja na bandeleti yake.

Weka akiba ya bandeleti tano zisizoguswa. Sukari ikishuka chini ya 70, mgonjwa anywe vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, gramu 15 hivi, au nusu ya chupa ndogo ya Fanta, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kila kushuka kunakula bandeleti mbili, na huja usiku farmasi zikiwa zimefungwa. Na skrini ikiandika HI, mashine haijaharibika: inasema sukari imepita 600. Nawa, rudia mara moja. Ikiandika tena, au mgonjwa anatapika na kupumua kwa kina, ni hospitali, usisubiri asubuhi.

Cha kununua, basi. Anayetumia vidonge, au mzee anayesaidiwa na mjukuu: Accu-Chek Active ya toleo lisilo na kodi, kwa ajili ya kidirisha cha nyuma na bandeleti zisizokufa mapema. Anayejidunga kila siku na kujilipia mwenyewe: On Call Plus, akiapa kubadilisha chipu. Mjamzito, mtoto, mgonjwa wa figo au mwenye selimundu: Accu-Chek Instant, ikiwa bandeleti zake zimepatikana farmasi mbili, zisipopatikana, Active, na kulinganisha na maabara mara nyingi zaidi.

Nunua betri ya CR2032 ya akiba siku hiyohiyo. Lanseti zilizotumika zisitupwe kwenye mfuko wa takataka unaochambuliwa na watoto: tia kwenye chupa ngumu ya Javel (dawa ya kung'arishia nguo) iliyokwisha, kaza kifuniko, na ikijaa robo tatu ipeleke kituo cha afya kinachochoma sindano zake.